Umeme Ulipita Mpakani, Boti Zikabaki na Karabai

Mwaka wa 1954 ilianzishwa kampuni hapa Kenya yenye kazi moja tu. Iliitwa Kenya Power Company, na kazi yake ilikuwa kuvuta laini ya umeme kutoka Tororo, Uganda, mpaka Nairobi. Umeme wenyewe ulikuwa unatoka bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo Malkia Elizabeth alilifungua Aprili mwaka huo huo. Mtu wa Malaba hahitaji ramani kujua Tororo iko wapi. Ule mwamba wao unauona ukiwa upande huu, umesimama kama mtu anayechungulia soko.

Sasa fikiria vizuri. Owen Falls inaendeshwa na maji yanayotoka Ziwa Victoria kuingia mto Nile. Hakuna maji mengine pale. Ni ziwa letu, hili hili la Sio Port na Port Victoria, lililokuwa linazungusha mashine Jinja, umeme unapita Tororo, unavuka mpaka, unapanda mlima kwenda kuwasha Nairobi. Kenya ilikuja kufungua bwawa lake kubwa la kwanza mto Tana, Kindaruma, mwaka wa 1968. Kabla ya hapo Nairobi ilitegemea sana maji yetu.

Na mvuvi wa Samia aliyekuwa amekaa juu ya hayo maji usiku? Alikuwa anapampu mafuta ya taa.

Hii ndiyo stori ninayotaka kuandika leo, kwa sababu kila nikiweka video ya boti inayofungwa waya pale ufukweni, komenti ni zile zile: "hii ni jua kali tu", "hiyo italipuka", "kwani hakuna injinia?" Wasee, kabla ya kucheka, tujue umeme ulifikaje kwenye boti. Haukuletwa na ile laini.

Tuanze na karabai, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kuiona ikiwaka. Jina lenyewe ni la zamani kuliko ile taa tunayoijua. Linatokana na kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo ukiyatilia maji yanatoa gesi inayowaka. Taa za kabaidi zikaisha, jina likabaki, likahamia kwa taa ya mafuta ya taa ya kupampu. Ile ya Petromax ilianza kutengenezwa Ujerumani miaka ya 1910, na dunia nzima ikaiga. Chini kuna tangi la mafuta na pampu ndogo ya mkono. Unapampu hewa, hewa inasukuma mafuta juu kwenye kibomba kilichopashwa moto, mafuta yanageuka mvuke, mvuke unawaka ndani ya kifuko kidogo cha kitambaa. Kile kifuko ndicho siri yote. Ukikiwasha mara ya kwanza kitambaa kinaungua, kinabaki jivu gumu lenye umbo la kifuko, na hilo jivu likipata moto linang'aa jeupe kabisa. Lakini ni jivu. Ukiligusa linavunjika. Boti ikigonga wimbi vibaya linavunjika. Tone la maji baridi likipiga kioo chenye moto, kioo kinapasuka.

Sasa chukua hicho kitu, kiweke juu ya kijukwaa cha mbao kinachoelea, kisukume katikati ya ziwa saa tatu usiku.

Hivyo ndivyo omena inavyovuliwa. Samaki yule mdogo, ambaye Waganda wanamwita mukene na Watanzania dagaa, hufuata mwanga. Wavuvi wanatega taa kadhaa kwenye vijukwaa, wanakaa mbali kidogo, wanangoja. Wadudu wanakuja, omena wanakuja, halafu taa inavutwa polepole na wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi inasimama, kwa sababu ziwa lote lina mwanga na omena hawana haja na taa yako. Kwa hiyo giza ndilo mtaji. Biashara hii ilianza kushika kasi miaka ya 1960, na baada ya mbuta kupandikizwa ziwani na kumaliza aina nyingi za samaki wa asili, omena alikuwa mmoja wa wachache waliostahimili. Sahani yako ya omena na ugali mtaani ina historia ndefu kuliko unavyofikiri.

Nyanya yangu aliuza omena miaka mingi. Nilipokuwa mtoto nilijua bei ya mafuta ya taa kabla sijajua bei ya mkate, kwa sababu ilikuwa inatajwa kila asubuhi boti zikirudi. Taa moja inaweza kunywa lita nzima na zaidi kwa usiku. Boti ina taa nne, tano. Na mahesabu ya boti yako hivi: samaki wakiuzwa, mafuta yanatolewa kwanza, halafu ndipo mwenye boti na vijana wa wavu wanagawana kinachobaki. Usiku mbaya mafuta yalikula kila kitu. Vijana walishuka botini na harufu ya mafuta ya taa na mikono mitupu, na asubuhi hiyo hakuna aliyeongea sana.

Mikono yenyewe mara nyingi ilikuwa na makovu ya moto. Hiyo pia ni sehemu ya historia ya umeme, ya mahali ambapo haukufika.

Mwaka wa 2008 kampuni ya taa ya OSRAM kutoka Ujerumani ilifungua kituo Mbita, upande wa Homa Bay. Mradi uliitwa Umeme kwa Wote. Kituo kilikuwa na sola juu ya paa, mvuvi aliweka amana, alikodi betri na taa, asubuhi aliirudisha ichajiwe. Wazo zuri, na heko kwao. Lakini kwa mvuvi wa Port Victoria, Mbita ni kona nyingine kabisa ya ziwa, na betri ya kukodi ni lazima irudi ilikotoka.

Kuna kitu hapa kilinichekesha nilipokisoma. Kile kifuko cha jivu cha karabai kilivumbuliwa miaka ya 1880 na Mwaustria anayeitwa Carl Auer von Welsbach. Huyo huyo baadaye akatengeneza balbu ya umeme yenye uzi wa chuma cha osmiamu, na kampuni yake ndiyo iliyosajili jina OSRAM mwaka wa 1906. Yaani jina la OSRAM lilikuja Mbita kuondoa karabai, na yote mawili yana babu mmoja. Ziwa limekuwa likichezewa na huyu mzee miaka mingi.

Mwaka huo huo wa 2008 kulitokea jambo lingine ambalo halikuwa na uhusiano wowote na uvuvi, na kwa maoni yangu ndilo lililoleta umeme kwenye boti za Busia. Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo.

Mnajua boda boda ilizaliwa hapa kwetu. Miaka ya 1960 watu walikuwa wanabebwa na baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda, kile kipande cha katikati ambacho si cha mtu, na waendeshaji walikuwa wanaita "boda, boda". Kwa hiyo pikipiki za bei nafuu zilipoanza kumiminika, Busia na Malaba hazikuhitaji kufundishwa matumizi yake. Zilijaa. Na pikipiki zikijaa, mafundi wanajaa. Kila kona ya mji ukakuta kijana amekaa kwenye kigoda, mbele yake Boxer imevuliwa nguo, anafuatilia waya wa indiketa kwa kidole.

Angalia kile kijana anajifunza pale. Betri ya volti 12. Fyuzi. Swichi. Taa ya mbele, taa ya nyuma, honi. Kutafuta mahali waya umekatika kwa kutumia balbu ndogo na waya mbili, bila hata mita. Huo ndio mfumo mzima wa umeme wa boti ndogo! Injini za Yamaha mnazoziona kwenye boti nyingi za kuvulia zinawashwa kwa kuvuta kamba, hazina haja ya betri, kwa hiyo botini hakukuwa na umeme wa aina yoyote. Karatasi nyeupe. Na mtu wa kwanza kuitwa kuja kuandika juu yake alikuwa fundi wa pikipiki.

Kulikuwa na somo moja la kumsumbua. Fundi mmoja wa Sio Port, mzee kwangu lakini si mzee sana, alinieleza nikiwa namsaidia kushika tochi. Pikipiki ina mwili wa chuma. Waya mmoja unatoka kwa betri kwenda kwa taa, na njia ya kurudi ni chuma chenyewe cha pikipiki. Nusu ya waya unaokoa. Boti ni mbao. Ukija na akili ya pikipiki, unafunga waya mmoja, unatafuta pa kugandishia ule wa pili, hupati.

"Mbao hairudishi kitu," akaniambia. "Hapa kila taa lazima iwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Kama mtu."

Somo la pili ni la unene wa waya, na hili hata wanaojiita wasomi linawapiga. Nyumbani umeme ni volti 240. Taa zako zote zikila wati 60, mkondo ni robo ampea, waya mwembamba unatosha. Botini ni volti 12. Wati 60 zile zile sasa ni ampea 5, mara ishirini ya nyumbani. Chukua waya wa kawaida wa kuunganishia taa za nyumba, ule wa milimita mraba 0.75, uvute mita 10 kutoka betri mpaka mbele ya boti. Umeme unaenda mita 10 na kurudi mita 10, na njiani unapoteza zaidi ya volti 2. Taa ya mbele inapata volti 10 kwenda chini. Inawaka nyekundu-nyekundu kama macho ya mlevi, mwenye boti anasema umemuuzia taa feki, kumbe shida ni waya.

Mimi nilisoma hiyo hesabu darasani, mwaka wa kwanza wa umeme, kabla karo haijanishinda mwaka wa pili nikarudi nyumbani. Niliijua kwa kalamu. Yule fundi aliijua kwa kushika waya: ukipata joto mkononi, waya ni mwembamba, weka mnene au sogeza betri katikati. Sisemi darasa ni bure, wacheni kuniwekea maneno mdomoni. Nasema hesabu ni ile ile, na yeye hakuna aliyempa karatasi.

Kuna vitu vingine vya kujua mkitaka kuhukumu kazi ya fundi wa boti, maana si kazi zote ni nzuri na nyingine ni hatari kweli. Fyuzi inakaa karibu na betri. Nimeona mtu ameiweka huko mbele karibu na taa, hapo haisaidii kitu, kwa sababu waya ukichubuka kati ya betri na fyuzi hakuna cha kuukata. Betri ya gari ikigusanishwa nyaya zake inaweza kusukuma mamia ya ampea, na chini ya kiti cha nyuma kuna tangi la petroli. Maungio yasiwe chini kabisa ambapo maji ya kuvuja hukusanyika. Betri ifungwe kamba isihame boti ikiyumba. Wengi hutumia jerikani iliyokatwa juu kama sanduku, na inafanya kazi vizuri. Na kwa hili sisi tuna bahati: maji yetu si ya chumvi. Mafundi wa Mombasa na Zanzibar wanapambana na chumvi inayokula shaba mpaka iwe ya kijani. Ziwa linaharibu pia, ila halina haraka.

Lakini haya yote yalingoja kitu kimoja ambacho hakuna fundi wa Busia angeweza kukitengeneza: taa yenyewe. Balbu ya zamani ya gari inamaliza betri kabla ya usiku wa manane. Wajapani walipofaulu kutengeneza LED ya bluu inayong'aa vizuri miaka ya 1990, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka wa 2014, LED nyeupe ikawezekana, na bei ikaanza kuporomoka. Zikafika madukani mpakani pamoja na paneli ndogo za sola, zikafungwa kwanza kwenye pikipiki kama urembo. Kutoka kwa pikipiki mpaka kwa boti ni hatua moja tu, fundi ni yule yule.

Halafu Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Nairobi watu waligombana kuhusu wenye malori. Huku ufukweni, boti yenye taa tano ilikuwa imeongezewa karibu shilingi 100 za gharama kila usiku, na mwenye boti aliyekuwa bado anabishana kwamba omena hawapendi mwanga wa LED akanyamaza.

Sasa hivi kila kijukwaa kinabeba taa yake na betri yake ndogo ndani ya kopo lililozibwa, na botini kuna betri kubwa ya taa ya kazi na ya kuchaji simu. Wajanja wanavunja betri za laptop zilizokufa, wanapima seli moja moja, zilizo hai wanazifunga pamoja. Hapo naogopa kidogo, kwa sababu seli za lithiamu zikishikana vibaya zinawaka na si rahisi kuzizima. Lakini nimeona zilizofungwa kwa akili na zimekaa misimu miwili.

Kitu kimoja sikukitarajia kabisa: swichi. Nilidhani wavuvi wangesifu bei. Kijana mmoja wa Bumbe aliniambia anachokipenda zaidi ni kuzima. Karabai ukiizima unatoa presha yote, na kuiwasha tena ni kupasha, kupampu, dakika kadhaa, na pengine kifuko kishavunjika. LED unagusa tu. Kwa nini mvuvi wa omena anataka kuzima taa haraka? Kwa sababu mpaka ule uko majini pia. Mstari uliandikwa na Waingereza katika amri ya 1926, unapita kati ya visiwa, na majini hakuna nguzo wala kamba. Na tusisahau kwamba mpaka 1902 eneo hili letu lote lilihesabiwa kuwa Uganda. Mkoloni alihamisha kalamu tu. Mwaka wa 2017 jeshi la Uganda lilianza kufanya doria ziwani, na wavuvi wa upande wetu wameshikwa, wamepoteza nyavu, injini, na samaki. Usiku upepo unakusukuma. Unaona taa za Majanji kushoto wakati zilipaswa kuwa nyuma yako. Boti ya doria inafuata mwanga kama omena.

"Karabai ilikuwa inakuita jina," akasema huyo kijana.

Ila swichi ina upande wake mbaya. Boti iliyozima taa zote haionekani na doria, na haionekani pia na boti nyingine inayokuja kwa kasi imejaa abiria au mizigo. Boti nyingi nilizoziona zina taa za kuita samaki na hazina hata taa moja nyeupe juu ya mlingoti ya kuambia watu "niko hapa". Hiyo ni taa ya wati 3. Ni waya mita 4. Nimewaambia mafundi wawili, mmoja amekubali kuanza kuiweka kwa kila boti bila kuongeza bei. Mwingine alinicheka, akasema wateja wake wataing'oa kabla hawajafika kina kirefu, na sina uhakika kwamba anakosea.

Kitu kinachoniuma ni makaratasi. Tangu 2012 kuna kanuni za sola Kenya, na anayefunga sola anatakiwa kuwa na leseni. Sawa kabisa, sitaki mtu yeyote tu acheze na betri chini ya kiti changu. Lakini fundi aliyefunga boti arobaini, ambaye waya zake hazijawahi kuungua, hana cheti cha kuanzia, na kijana aliyehitimu wiki jana bila kugusa betri anacho. Boti ikiungua, atakayetafutwa ni yule asiye na karatasi. Boti zisipoungua kwa miaka kumi, hakuna anayeandika jina lake popote.

Kwa hiyo ninaandika. Omena hufungwa kuvuliwa Aprili mpaka Julai, boti zinapandishwa mchangani, zinapigwa misumari na rangi, na nyaya zinatolewa zote na kufungwa upya. Ndio wakati mzuri wa kwenda na kamera. Nitaanzia Sio Port, nishuke Bumbe, nimalizie Port Victoria. Kama mjomba wako au babako alifunga umeme kwenye boti kabla ya 2015, au una picha ya vijukwaa vya karabai ya miaka ya themanini au tisini, niandikie. Picha ikiwa imetafunwa na mende pia naichukua.